Sura ya 5: Wiki Tatu Si Wiki Moja Mara Tatu

Ukimuuliza mtu anayejiandaa kwenda likizo ya wiki tatu ng'ambo amejiwekea pesa gani za matumizi, aghalabu atakutajia kiwango cha siku. Euro 50 kwa siku, atasema, au dola 60, kisha atazidisha kwa 21 na kuona mambo yamekwisha. Hesabu hiyo ina mahali ilikotoka. Wengi wetu tumejifunza kusafiri kwa pesa ya ofisi, na ofisi hulipa posho ya kujikimu: idadi ya siku mara kiwango cha cheo chako. Anayekwenda semina Dodoma au Naivasha anajua bei ya kila siku kabla hajapanda basi, na akijibana kidogo anarudi na kitu mfukoni. Ni utaratibu mzuri kwa mhasibu, ambaye anataka namba moja ya kuzidisha ili afunge faili. Mwenda likizo hana mhasibu wala masurufu ya kurejesha. Analipa mwenyewe, anakaa muda mrefu, na hakuna anayemwandalia chai ya saa nne na chakula cha mchana. Katika sura hii nadai kwamba kiwango cha siku kikiachwa peke yake humpotosha msafiri wa wiki nyingi, kwa kuwa pesa za safari ndefu hazitoki kwa mwendo mmoja. Sehemu yake hulipwa mara moja tu, ukae wiki moja au tano. Sehemu nyingine hufuata siku. Na ipo sehemu, hiyo ndiyo inayowaangusha wengi, inayofuata matukio machache makubwa yasiyojali kalenda.

Ushahidi wa kwanza uko mahali ambapo watalii hawautafuti: katika waraka wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Italia wa tarehe 1 Machi 2000, unaotaja kiasi cha fedha ambacho mgeni anatakiwa kuonyesha kuwa anacho ili aruhusiwe kuingia nchini humo. Nimeichagua Italia kwa sababu ya waraka huo, na pia kwa sababu si nchi ngeni kwetu. Mahujaji Wakatoliki wa Kenya na Tanzania huenda Roma na Assisi, mapadre na masista wetu wanasoma huko, na pwani ya Malindi na Watamu imeshikamana na Italia kwa ndoa na biashara kwa miaka mingi. Kwa anayesafiri peke yake, waraka unasema hivi: safari ya siku 1 hadi 5 inahitaji jumla ya euro 269.60, iwe unakaa siku moja au zote tano. Siku 6 hadi 10, euro 44.93 kwa siku. Siku 11 hadi 20, kuna kianzio cha euro 51.64, kisha euro 36.67 kwa kila siku. Zaidi ya siku 20, kianzio kinapanda hadi euro 206.58 na kiwango cha siku kinashuka hadi euro 27.89. Fanya hesabu mwenyewe. Anayekaa siku 5 anatakiwa kuwa na karibu euro 54 kwa siku. Anayekaa 21 anatakiwa kuwa na euro 792.27, yaani chini ya 38 kwa siku. Anayekaa 30 anatakiwa kuwa na chini ya 35. Wakiwa wawili au zaidi kiwango hupungua tena: katika safari ya siku 21 kila mmoja anaonyesha euro 476.63, kama asilimia 60 hivi ya yule wa peke yake.

Walioandika waraka huo ni maofisa wa wizara, si waandishi wa vitabu vya utalii, na hata hivyo wametambua jambo ambalo msafiri mwenyewe hulisahau: siku ya kwanza ni ghali, siku ya 21 ni rahisi, na wastani wa hizo mbili haufanani na hata moja. Nchi nyingine za Ulaya hazikufika huko. Ujerumani imezoea kutaja euro 45 kwa siku, basi. Ufaransa inataja 120 kwa asiye na hoteli aliyokwisha kuilipia, 65 kwa aliye nayo, na 32.50 kwa anayepokewa na mwenyeji mwenye cheti rasmi. Hispania inadai kwa siku asilimia 10 ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi, ila inaongeza sharti kwamba jumla isipungue asilimia 90 ya kima hicho, hata ukija kwa siku mbili. Huo nao ni kianzio, ingawa hawakukiita hivyo.

Msomaji makini atapinga papo hapo kwamba namba za Italia ni za zamani. Ni kweli, na senti zake za ajabu ndizo zinazoufichua umri wake: euro 51.64 ni lira 100,000 zilizogeuzwa kwa kiwango cha lira 1,936.27 kwa euro, na 206.58 ni lira 400,000. Zilipangwa kabla noti za euro hazijaingia mitaani, na hakuna anayepaswa kwenda Roma leo akitegemea kuishi kwa euro 27.89 kwa siku pamoja na kitanda. Mimi siazimi kiasi, naazima umbo. Bei zimepanda tangu 2000, lakini kianzio bado ni kianzio, na siku za mwisho bado ni nafuu kuliko za mwanzo.

Tena umbo hilo halimo kwenye makaratasi ya viza tu. Liko kwenye kila kibanda cha tiketi. Katika mji wa Venezia, ambako basi ni boti, tiketi moja ya boti la abiria ni euro 9.50 na hudumu dakika 75. Tiketi ya saa 24 ni euro 25. Ya siku saba ni euro 65, yaani kama euro 9.30 kwa siku, kusafiri utakavyo. Anayekaa wiki nzima na kununua tiketi mojamoja hulipa kwa safari moja zaidi ya anacholipa mwenzake kwa siku nzima. Roma nako tiketi ya kawaida imekuwa euro 1.50 kwa dakika 100 tangu 2012, na pasi ya mwezi yenye jina lako euro 35. Kwa safari nne kwa siku, pasi imejilipa siku ya sita. Ila pasi hiyo hufuata mwezi wa kalenda, hivyo wiki tatu zinazoanza tarehe 3 zinafaidika nayo, na zinazoanza tarehe 20 zinaikosa. Hapo tarehe ya tiketi ya ndege tayari imegusa pesa ya nauli ya basi, na ni wachache wanaoliona hilo wakati wa kuchagua ndege.

Kodi ya wageni inasema vivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Hoteli ya nyota tatu Roma hutoza kwa niaba ya manispaa euro 6 kwa kila mtu kwa kila usiku, na kodi hiyo hukoma baada ya usiku wa kumi mfululizo katika nyumba ileile. Aliyelala usiku 21 katika hoteli moja hulipa euro 60. Aliyehamahama ndani ya jiji hilohilo, usiku nne hapa, tano pale, hulipa 126. Kwa maneno mengine, kinachomla msafiri wa muda mrefu ni kuhama kuliko kukaa. Kila unapohama unaanza safari upya: nauli ya kutoka kituoni, mahali pa kuhifadhi begi mpaka chumba kiwe tayari, chakula cha kwanza kilichonunuliwa karibu na stesheni kwa sababu njaa haikukupa muda wa kutafuta, chumvi na mafuta ya kupikia unayoyanunua tena kwa sababu ya jana uliyaacha. Kwa hiyo mtu akiniuliza apunguze nini katika mpango wake wa wiki tatu, humwambia apunguze mji mmoja kabla hajagusa chakula.

Sasa tuweke umbo hili kwenye pesa. Chukua msafiri ambaye tiketi ya ndege, vyumba na treni za kati ya miji amekwisha kuvilipia, na amebakiwa na euro 1,200 za matumizi kwa siku 21 za Italia. Kwa hesabu ya posho ana euro 57 kwa siku, na anajiona hana shida. Lakini kwanza atoe kianzio: treni ya kutoka uwanja wa Fiumicino, ambayo ni euro 14 ile ya moja kwa moja na 8 ile inayosimama njiani, laini ya simu, ambayo kwa utaratibu wa Umoja wa Ulaya ulioanza 2017 itafanya kazi pia akivuka kwenda Ufaransa au Austria, pasi za usafiri, kodi ya wageni, sabuni, mafuta ya kupikia na vikorokoro vya siku ya kwanza. Tuseme 160. Kisha siku kubwa: Colosseum euro 18, makumbusho ya Vatikani 20 na 5 za kuweka nafasi mtandaoni, gondola Venezia euro 90 kwa dakika 30 mchana, chakula kimoja cha heshima, nguo moja aliyoiahidi nafsi yake. Tuseme 300. Zawadi za nyumbani 120, na huyo ana ukoo mdogo. Akiba ya dharura 140. Jumla 720. Zinabaki 480 za kuishi, yaani 160 kwa wiki, ambazo ni kama 23 kwa siku.

Hizo 23 zikitazamwa pembeni mwa 57 ndiyo hoja yangu yote. Si kwamba 23 hazitoshi. Mwenye jiko anaweza kuishi nazo vizuri Italia, kwa kahawa na mkate mtamu asubuhi, kipande cha pizza kinachouzwa kwa uzito mchana, na tambi alizozipika mwenyewe jioni, maji akiyakinga kwenye mabomba ya barabarani ya Roma ambayo hutiririka bure mchana kutwa. Tatizo ni yule anayeamini ana 57. Akizila zote kila siku katika wiki ya kwanza, na wiki ya kwanza ndiyo mtu hula hivyo, atakuwa ametumia 399, na kwa wiki mbili zilizobaki atakuwa na euro 81 za kuishi. Hazifiki 6 kwa siku. Hapo ataanza kuchota kwenye gondola, kwenye zawadi, mwisho kwenye akiba, na atarudi akisema Ulaya ni ghali. Ulaya ni ghali kweli, lakini si hicho kilichomkausha.

Kwa nini watu werevu, wanaoendesha maduka na kusimamia vikoba bila kupoteza senti, wanakosea hesabu hii nyepesi? Watafiti Abigail Sussman na Adam Alter walichapisha mwaka 2012 uchunguzi unaojibu sehemu ya swali. Waligundua kwamba watu hukadiria vizuri matumizi yao ya kawaida, lakini hukadiria chini mno matumizi yasiyo ya kawaida, kwa sababu kila moja huonekana kama jambo la mara moja lisilo na wenzake. Harusi ya rafiki, taa ya gari iliyovunjika, sikukuu: kila moja peke yake ni ya nadra, lakini zote kwa pamoja hazikosi kufika. Likizo ni mkusanyiko wa mambo ya mara moja. Gondola ni mara moja. Colosseum ni mara moja. Kivuko cha kukatiza mfereji mkuu wa Venezia, ambacho nacho ni gondola isiyopambwa, ni euro 2 tu, na hakuna anayekihesabu kuwa kisa; lakini ile ya euro 90 inasamehewa kwa hoja kwamba "nitakuja tena lini?" Hoja hiyo ni ya haki kabisa. Kosa ni kuitumia mara kumi na tano. Ndiyo maana naipa siku kubwa fungu lake mapema, tena kwa majina, zikiwa tano au sita zilizoandikwa. Ya saba ikijitokeza, mojawapo ya zile sita inafutwa.

Sababu ya pili iko kwenye namba zenyewe. Priya Raghubir na Joydeep Srivastava walionyesha mwaka 2002 kwamba mnunuzi aliye ugenini huegemea namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha bei kuliko thamani yake. Namba ikiwa ndogo kuliko alivyozoea kwao, hutumia zaidi; ikiwa kubwa, hujibana. Mwafrika Mashariki mbele ya euro yuko upande mbaya wa kanuni hiyo. Euro moja ni zaidi ya shilingi 2,500 za Tanzania, hivyo "euro 5" husikika kama chenji. Angeenda Indonesia, ambako dola moja ni rupia nyingi mara kadhaa kuliko shilingi zetu, angeogopa hata bei ya ndizi. Dawa inayopendekezwa na wengi ni kubadilisha kila bei kuwa shilingi kichwani, nami siipendi: siku ya tatu mtu anakuwa amechoka, au amenuna. Pima bei kwa fungu la wiki badala ya shilingi. Espresso ukiinywa umesimama kaunta, baada ya kulipa kwa keshia na kumpa mhudumu risiti yako kama wafanyavyo wenyeji katika sehemu nyingi, hugharimu euro 1 na senti 20 au 30 hivi. Ukiketi mezani kwenye uwanja wa kanisa mashuhuri, kikombe kilekile kinaweza kuwa euro 5. Katika fungu la 160, kahawa ya kaunta haionekani. Ya mezani ni sehemu moja ya 32 ya wiki yako. Ukiitaka kwa bei hiyo, keti unywe kwa raha.

Hapa mpinzani wa pili anainua mkono, na ana nguvu kuliko wa kwanza. Anasema: kiwango cha siku huenda si sahihi kihesabu, lakini kina nidhamu. Mtu akijua leo ana 23, analala akiwa na hesabu. Ukimpa 160 za wiki, ifikapo Jumatano hana kitu. Nakubali kwamba kadiri kipindi kinavyorefuka ndivyo mtu anavyojidanganya kuwa bado kuna muda wa kufidia. Lakini kipindi kifupi mno kina udanganyifu wake. Colin Camerer na wenzake, katika makala ya mwaka 1997 kuhusu madereva wa teksi wa New York, waliona kwamba madereva wengi walijiwekea lengo la siku: siku yenye abiria wengi walilifikia mapema wakaenda nyumbani, siku kavu wakakaa barabarani mpaka usiku, kinyume kabisa cha kile ambacho kingewalipa. Mchumi Henry Farber alikuja kulipinga hitimisho hilo kwa takwimu nyingine, na mabishano hayajakoma, kwa hiyo siliweki mbele kama neno la mwisho. Lakini tabia yenyewe kwa msafiri ni rahisi kuitambua. Siku ya mvua amekaa ndani, ametumia 8. Jioni anajiambia "leo bado nina 15" na kwenda kuzimaliza, kana kwamba zingeoza. Kesho yake kuna soko zuri la vyakula na anajinyima kwa sababu zimebaki 4. Kipimo cha siku kimemfanya atumie palipo pabaya na kubana palipo pazuri.

Wiki ni kipimo cha kati, na Italia inasaidia kwa ratiba yake. Makumbusho mengi ya serikali, kama Uffizi ya Firenze, hufungwa Jumatatu. Basi fungua bahasha ya wiki Jumatatu, siku ambayo pa kwenda kulipa kiingilio ni pachache, ukafanye ununuzi wa vyakula. Kufikia Alhamisi jioni unaona kilichobaki, na Ijumaa hadi Jumapili, ambazo ndizo zenye vishawishi, zinapangwa kwa pesa inayoonekana, si ya kukisia. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure. Foleni ni ndefu, lakini kwa mwenye wiki tatu foleni ya asubuhi moja si hasara. Mwenye siku nne angeilipia ili aikwepe, na angekuwa sahihi. Muda mrefu ni mali ambayo mtu anaweza kuibadilisha na pesa, na bajeti ya wastani haiihesabu kabisa.

Mpinzani wa tatu ni mgeni wa jamaa. Mimi, anasema, nafikia kwa binamu yangu Milano. Sina hoteli, sina chakula cha kununua, sura hii hainihusu. Ufaransa imemsikia, maana kiwango chake cha 32.50 ni nusu ya cha mwenye hoteli. Lakini tazama vizuri kilichotokea: pesa yake ya siku imeshuka, kianzio chake kimepanda. Anakuja na zawadi za mwenyeji, mke wa mwenyeji na watoto, na anajua kwamba wiki ya pili hawezi kukaa tu kama siku ya kwanza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na jembe la Milano ni kwenda sokoni kwa pesa yako, kulipia chakula cha nje siku moja kwa nyumba nzima, kuchangia umeme bila kungoja kuombwa. Hayo si ya kukisia. Jumla yake inaweza kuandikwa kabla ya safari, ikawekwa fungu moja la mwenyeji, na ni bora liwe nono kuliko fungu lako la kula. Mgeni anayejipimia kwa siku hujikuta hana cha kutoa siku ya 15, na wakati huo ndipo mwenyeji anapoanza kuhesabu kimoyomoyo.

Kuhusu sarafu niseme machache, maana upande huu una mbwembwe nyingi kuliko faida. Andika bajeti kwa pesa ya kule unakokwenda. Mapema mwaka 2024 dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Dola 1,500 zilezile zilishuka kutoka shilingi 240,000 hadi 195,000 bila msafiri kufanya lolote. Hakuna mwenda likizo anayeweza kuyatabiri mabadiliko hayo. Anachoweza ni kununua kidogokidogo, kwa mfano theluthi kila mwezi kwa miezi mitatu kabla ya kuondoka, ili asiwe amenunua zote siku mbaya kuliko zote. Ukifika, mashine ya ATM nayo ina kianzio: benki nyingi hukata ada maalumu kwa kila unapotoa pesa, juu ya asilimia, hivyo toa fungu la wiki kwa mkupuo mmoja kwenye mashine ya benki yenyewe, si zile za barabarani karibu na vivutio. Na unapolipa kwa kadi, mashine inaweza kukuonyesha kiasi mara mbili, kwa euro na kwa shilingi, ikuulize unataka kipi. Shilingi zinapendeza kwa kuwa unazifahamu, lakini kiwango cha kubadilishia hapo kimewekwa na mwenye mashine na ndani yake ana faida yake. Bonyeza euro.

Kuna swali la kama noti zina maana tena, kwa kuwa tangu Juni 2022 mfanyabiashara wa Italia anayekataa kadi anaweza kutozwa faini. Naona zina maana, kwa pesa ya kuishi peke yake. Drazen Prelec na Duncan Simester walionyesha mwaka 2001 kwamba watu wanaotakiwa kulipa kwa kadi hutaja bei ya juu kuliko wanaolipa taslimu, katika jaribio moja hadi mara mbili. Siku kubwa zilipwe kwa kadi, maana bei zake zimekwisha kuandikwa. Soko, kahawa na mkate vilipwe kwa noti, zikipungua uzione zikipungua.

Imebaki akiba. Ile 140 haiguswi mpaka Jumatatu ya kufungua bahasha ya wiki ya mwisho, isipokuwa kukiwa na ugonjwa au begi lililopotea. Siku hiyo, kama haikuhitajika, tenga 60 za kufika nazo uwanja wa ndege na nyumbani, na zilizobaki ziende kwenye siku kubwa uliyoifuta au kwenye zawadi ya mtu uliyemsahau, maana yupo. Sarafu za chuma zitumie zote, kwa kuwa maduka ya kubadilishia fedha nyumbani hayazitaki. Na usiingize kwenye hesabu pesa ya kurudishiwa kodi ya mauzo. Tangu Februari 2024 asiye mkazi wa Umoja wa Ulaya anaweza kuidai Italia kwa ununuzi unaozidi euro 70 katika duka moja, badala ya 154.94 ya awali, na kiwango cha kodi yenyewe kwa bidhaa nyingi ni asilimia 22. Lakini kampuni zinazoshughulikia madai hukata chao, forodha lazima ihakiki kabla hujaondoka Umoja wa Ulaya na mzigo usiwe umeshatumika, na mara nyingi pesa huingia kwenye kadi baada ya wiki kadhaa. Ikifika, iweke kwenye kianzio cha safari ijayo.